DVD za katuni za zamani: ukate, uvute, au uache mikanda myeusi?

Katika kipindi kimoja cha katuni ya The Simpsons cha mwaka 1993, baba wa familia, Homer, anaenda kutembezwa kwenye kiwanda cha bia ya Duff. Kuna matangi matatu yaliyoandikwa Duff, Duff Lite na Duff Dry, na juu kabisa ya picha kuna bomba moja linaloyajaza yote matatu. Utani wenyewe ni hilo bomba. Disney+, huduma ya kutazama mtandaoni, ilipoanza Novemba 2019, vipindi hivyo vya zamani vilikuwa vimekatwa juu na chini ili vijaze TV pana, na bomba likaachwa nje. Ukabaki unatazama matangi matatu na hujui ucheke nini. Watazamaji walipiga kelele, na Mei 2020 kampuni ikaweka chaguo la kutazama katika umbo la asili.

Wewe unayetaka kuhamisha DVD zako kwenda kwenye hadi disk unafanya uamuzi uleule, ila ukikosea hakuna atakayekupigia kelele. Utagundua mwenyewe baada ya miaka, diski zikiwa zimeshachubuka au umeshamgawia mtu. Mimi yalinikuta. Niliripu seti nzima, yaani nilizigeuza DVD kuwa faili za kompyuta, huku nimeiachia programu ikate mikanda myeusi yenyewe, nikazigawa diski, na baadaye nikakuta kipindi chenye matukio mengi ya usiku kimekatwa upande mmoja. Programu iliona giza ikadhani ni mkanda. Tangu siku hiyo kipengele hicho nakizima kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Katika kulinganisha njia zilizopo naanza na umbo, ubora nitaufuata baadaye. Picha yenye ukungu kidogo mtu huizoea. Kilichokatwa hakirudi.

Njia tatu za kujaza kioo, moja tu haina hasara

Katuni nyingi za TV zilizotengenezwa karne iliyopita zina uwiano wa nne kwa tatu: upana sehemu nne, kimo sehemu tatu. TV za leo ni 16:9. Umbo la kwanza haliwezi kuenea kwenye la pili bila kitu kutolewa au kupindishwa.

Ukiiacha picha ilivyo kwenye kioo cha pikseli 1920 kwa 1080, yenyewe itachukua upana wa pikseli 1440 katikati, na kila upande utabaki mkanda mweusi wa pikseli 240. Hiyo ni robo ya kioo. Mpwa wangu aliponiona natazama hivyo aliuliza, "Mjomba, TV yako imekufa pembeni?" Lakini kila kilichochorwa kipo, na baada ya dakika tano jicho linaisahau ile mikanda.

Ukikata juu na chini, robo ya kimo cha picha inaondoka. DVD ya Marekani ina mistari 480 ya picha kutoka juu hadi chini. Ukiikata ijae TV pana, inabaki mistari 360, kisha hiyo 360 inakuzwa kufunika kioo kizima. Kwa hiyo umepoteza mara mbili: umepoteza sehemu ya mchoro, na iliyobaki imekuwa na ukungu zaidi ya ilivyokuwa. Katuni inaumia kuliko filamu ya waigizaji kwa sababu mchoraji alipanga kila kona. Nywele zilizosimama, kofia, ndege anayepita juu, ganda la ndizi chini ya mguu, vyote viliwekwa pale kwa makusudi.

Ukivuta, hakuna kinachotoka nje, ila kila kitu kinanenepa kwa theluthi moja. Mwezi unakuwa yai. Baadhi ya TV zina njia ya ujanja ya kuvuta kingo tu na kuacha katikati ilivyo. Kamera ikianza kutembea kando ya mandhari, nyumba na miti vinajikunja na kujikunjua kama vinapita nyuma ya chupa. Hata hivyo nina neno moja la kuutetea uvutaji: mara nyingi unatibika. Faili iliyovutwa kwa sababu ya maelezo mabaya ya umbo inarekebishwa na programu ya MKVToolNix kwa sekunde chache, bila kuigandamiza upya. Iliyokatwa haina dawa. Ukilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili, chukua iliyovutwa.

Lakini usiifanye nne kwa tatu kuwa aya ya msahafu. Tom and Jerry walianza mwaka 1940 kwenye majumba ya sinema, katika umbo linalokaribia sana nne kwa tatu. Kuanzia 1954 studio yao ya MGM ikaingia kwenye CinemaScope, picha yenye upana unaozidi mara mbili ya kimo. Mwanzoni baadhi zilitolewa kwa maumbo yote mawili, kisha zikawa pana tupu. Kwa miaka mingi TV zilizionyesha hizo pana zikiwa zimekatwa pembeni, kwa hiyo Tom anakimbilia upande ambao haupo. Ukikuta katuni yao ya mwaka 1957 imejaa vizuri katika umbo la mraba-mraba, hiyo ndiyo iliyokatwa, na mikanda myeusi juu na chini ingekuwa dalili njema. The Simpsons nao walihamia picha pana tarehe 15 Februari 2009, katikati ya msimu wa 20, ndiyo maana msimu huo hauripiwi kwa mpangilio mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jinsi ya kujua nakala yako imefanywa nini: tafuta duara. Mwezi, gurudumu, saa ya ukutani. Kama duara ni duara, picha haijavutwa. Kisha tazama vichwa vya wahusika wanapozungumza kwa karibu, pamoja na majina ya watengenezaji mwanzoni. Vipaji vya nyuso vikikatwa mfululizo na maandishi yakikaribia kugusa ukingo, kuna mtu alipitisha mkasi kabla yako.

Namba za DVD zinazowachanganya watu

Hapa ndipo wengi huharibu picha huku wakidhani wanaitunza. DVD ya mfumo wa NTSC, ule wa TV za Marekani na Japani, huhifadhi picha kwa pikseli 720 kwa 480, na ya PAL, ule wa Uingereza na kwetu, kwa 720 kwa 576. Piga hesabu: hakuna hata moja iliyo nne kwa tatu. Sababu ni kwamba pikseli za DVD si za mraba. Diski inabeba alama inayomwambia mchezeshaji, "picha hii ionyeshe kwa nne kwa tatu," naye anaibana au kuipanua wakati wa kuonyesha.

Alama hiyo ikipotea wakati wa kuripu, NTSC inatoka pana kuliko inavyotakiwa kwa asilimia 12 na nusu, na PAL inatoka nyembamba kwa asilimia 6 hivi. Makosa ya namna hii ni madogo kiasi cha kutoonekana haraka. Unahisi tu kwamba wahusika wamenenepa kidogo, ukidhani kumbukumbu zako za utotoni ndizo mbovu.

Kuna njia mbili za kulimaliza hili. Ya kwanza ni kuacha pikseli zote kama zilivyo na kuibeba alama ndani ya faili. HandBrake, programu ya kugandamiza video, hufanya hivyo usipomwingilia, na VLC, programu ya kuchezea video, huisoma vizuri. Hii ndiyo ninayoipendekeza. Ya pili ni kubadilisha picha iwe ya pikseli za mraba, kwa ajili ya TV zinazosoma flashi moja kwa moja na kuipuuza alama. Zipo nyingi, hasa za bei ya chini. Ukilazimika, usiipunguze NTSC iwe 640 kwa 480 kama miongozo mingi inavyosema, maana unatupa pikseli za upana ulizonazo. Ongeza kimo badala yake: 720 kwa 540. Kwa PAL tumia 768 kwa 576.

Kuna wanaobishana kama uwiano upimwe kwa pikseli 720 zote au 704 za katikati. Tofauti yake ni asilimia 2. Waachie wenye muda.

NTSC au PAL, ukiwa na bahati ya kuchagua

Sisi wa Afrika Mashariki tulikulia kwenye PAL, lakini makabati yetu yana diski za kila aina: za madukani hapa, alizotuma shangazi kutoka London, alizobeba kaka kutoka Marekani. Kabla ya yote, kumbuka kwamba diski hufungwa kwa kanda za dunia zinakouzwa: diski rasmi za kwetu ni kanda ya 5, Uingereza ni 2 na Marekani ni 1, na kisoma DVD cha kompyuta kwa kawaida huruhusu kubadili kanda mara tano tu, kisha kinajifunga kwenye ile ya mwisho. Usiibadilishe-badilishe kwa majaribio.

Kwa kuhesabu mistari, PAL inashinda: 576 dhidi ya 480, nyongeza ya asilimia 20. Wengi huishia hapo na kuchagua PAL. Kwa katuni za Marekani na Japani mimi huchagua NTSC mara nyingi, na sababu ni mwendo.

Katuni hizo zilipigwa kwenye filamu kwa fremu 24 kila sekunde. Ili zifike kwenye NTSC, kila fremu nne za filamu zilitandazwa kuwa tano za video, na mbili kati ya hizo tano ni mchanganyiko wa nusu ya mchoro huu na nusu ya mchoro unaofuata. Ukisimamisha picha unaona kingo zenye meno kama chanuo. Inatisha kuitazama, lakini imefanywa kwa mpangilio unaojulikana, kwa hiyo programu inaweza kuufuata mpangilio huo kinyumenyume na kukurudishia fremu 24 safi, kila moja mchoro mzima. Kwenye HandBrake kichujio hicho kinaitwa Detelecine. Usikichanganye na kile cha kuondoa meno kwa kubahatisha, ambacho hutupa nusu ya mistari na kuzijaza kwa makisio. Kwenye filamu ya watu hutaona sana. Kwenye wino mweusi wa mchoraji, mstari ulionyooka kwa mshazari unageuka ngazi.

PAL ilichukua moja ya njia mbili. Njia nzuri ilikuwa kuichezesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24. Picha inabaki safi, ila kipindi cha dakika 22 kinaisha kwa dakika 21 na sekunde 7, na kama sauti haikurekebishwa inapanda kwa karibu robo tatu ya nusu-toni. Wimbo wa mwanzo unasikika kama mwimbaji ana haraka. Njia mbaya ilikuwa kuchukua mkanda wa NTSC uliokwisha kutandazwa na kuubadilisha kuwa PAL kwa kuchanganya fremu. Matokeo yake ni vivuli: unasimamisha picha na kuona mikono minne, miwili imekolea na miwili kama mizimu. Mistari 576 ya hapo ni 480 iliyonyooshwa, na vivuli hivyo kuviondoa ni kazi ambayo hutaimaliza salama nyumbani.

Kwa hiyo kipimo ni rahisi. Chukua diski ya PAL, tafuta mtu anayekimbia, sogeza fremu moja moja. Ukiona mizimu, tafuta NTSC. Ukiona michoro safi, PAL ni nzuri, labda masikio yako yatachelewa kuizoea. Na kwa katuni za Uingereza, kama Danger Mouse iliyoanza 1981, PAL ndiyo nyumbani kwake. Hapo NTSC ndiyo iliyotafsiriwa.

Onyo moja kwa upande wa NTSC: katuni nyingi za Marekani za miaka ya 1980 na 1990 zilihaririwa kwenye mkanda wa video, si kwenye filamu. Mpangilio wa tano kwa nne unakatika kila panapokatwa, na maandishi au miale fulani iliongezwa juu baadaye kwa mwendo wa video. Hata Detelecine ikifanya kazi vizuri utaona meno hapa na pale. Washa Decomb, kichujio kingine cha HandBrake, iifuate nyuma yake, ishughulikie zile fremu zilizobaki tu.

DVD au Blu-ray: kisa cha Dragon Ball Z

Mtu akiniambia Blu-ray lazima ishinde DVD, namwelekeza kwenye katuni ya Kijapani ya Dragon Ball Z. Vipindi 291, 1989 hadi 1996, filamu ya milimita 16, nne kwa tatu. Hakuna katuni nyingine ninayoijua iliyotolewa mara nyingi namna hii na kuharibiwa kwa njia nyingi namna hii.

Mwaka 2007 kampuni ya Funimation ya Marekani ilianza kutoa maboksi ya rangi ya chungwa, DVD msimu mmoja mmoja, yakitangazwa kuwa yamesafishwa kutoka kwenye filamu. Yalikuwa yamekatwa kuwa 16:9 na kusuguliwa. Kusugua namaanisha kuitumia kompyuta kufuta chembe za filamu. Kompyuta haijui tofauti ya chembe na mstari mwembamba wa wino, kwa hiyo mikunjo ya nguo na mistari ya misuli inafifia, na rangi inakaa kama plastiki. Mwaka 2009 kampuni hiyohiyo ikaanza kutoa Dragon Box, maboksi saba yaliyotokana na kazi iliyofanywa Japani mwaka 2003: nne kwa tatu, chembe zikiwepo, rangi zimetulia. Ni DVD za kawaida, mistari 480.

Kisha Blu-ray. Mwaka 2011 ikaanza seti nzuri kweli, nne kwa tatu, iliyorekebishwa kwa uangalifu. Ikasimamishwa baada ya juzuu mbili kwa sababu ya gharama. Zilizofuata 2013 na 2014 zilirudi kwenye mkasi wa 16:9. Toleo la miaka 30, mwaka 2019, likarudisha nne kwa tatu, lakini bado limesuguliwa.

Ukiniwekea mezani Dragon Box ya DVD na Blu-ray ya 2013, nachukua DVD bila kufikiri. Blu-ray ina pikseli mara sita, na ndani yake kuna picha pungufu. Dhidi ya ile ya 2019 uamuzi ni mgumu kidogo: mwenye TV kubwa anayekaa karibu anaweza kuipendelea Blu-ray kwa ukali wa kingo. Mimi bado nataka wino.

Swali la pili kabla hujalipia Blu-ray ni kama kuna kitu cha kuongeza. Katuni zilizochorwa kwenye plastiki na kupigwa kwenye filamu zina maelezo zaidi ya DVD inayoweza kubeba. Zile zilizopakwa rangi kwenye kompyuta kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 mara nyingi zilikamilishwa kwa ukubwa wa TV ya wakati huo, na hakuna filamu ya kurudia kuisoma. SpongeBob SquarePants ilipakwa kwa mkono msimu wa kwanza, kisha ikahamia kompyuta. Kwa katuni za namna hiyo, picha kubwa ya leo ni ile ndogo iliyokuzwa, na TV yako inajua kukuza bila kulipwa.

VHS, mikanda ya video ya zamani, nitaipita haraka. Upana wake ni kama mistari 240 ya maelezo, na chini ya picha kuna utepe unaotetemeka. Rekodi kutoka mkanda pale tu ambapo hakuna diski yoyote duniani, na huo utepe ufunike kwa mweusi badala ya kukuza picha kuuficha.

Kuhifadhi: nakala nzima, H.264 au H.265

Nafasi ikiwepo, usigandamize kabisa. Programu ya MakeMKV huchukua video iliyomo kwenye DVD na kuiweka ndani ya faili ya MKV bila kuigusa, meno ya chanuo na alama ya umbo vikiwemo. Kipindi cha dakika 22 kwa megabiti 5 na nusu kila sekunde ni MB 900 hivi, kwa hiyo hadi disk ya TB 1 inabeba vipindi elfu moja na zaidi. Uamuzi wote niliouzungumzia unaweza kuufanya mwaka ujao, ukiwa na programu bora. Kwa seti unayoipenda kweli, fanya hivi.

Ukihitaji faili ndogo, kuna njia mbili za kugandamiza video, H.264 na H.265. H.264 inachezwa na karibu kila kitu chenye kioo. Kwa picha ya DVD, weka kipimo cha ubora cha HandBrake kati ya 18 na 22. Namba ndogo ndiyo bora. Kwa katuni za zamani nabaki 18, kwa sababu anga la rangi moja huonyesha makosa ambayo sura ya mtu ingeyaficha. Kuna mpangilio wa HandBrake uitwao Animation ambao jina lake linakuvuta. Unafaa kwa katuni za kompyuta zenye rangi bapa. Kwa filamu yenye chembe chagua Film au Grain, la sivyo utaisugua mwenyewe, na vichujio vya kuondoa chembe uvizime.

H.265 inapunguza zaidi, na kwa biti 10, yaani hatua nyingi zaidi za rangi kuliko biti 8 za kawaida, anga haligawanyiki kuwa ngazi za rangi. TV nyingi za 4K zinaimudu. TV ya zamani au king'amuzi chenye tundu la USB huenda kikakataa, na H.264 ya biti 10 ndiyo inayokataliwa zaidi, iepuke. Kama faili zitazunguka kwa ndugu na majirani, H.264 ya biti 8 itakupunguzia simu za usiku.

Kabla ya kuiachia mashine ikeshe, ripu kipindi kimoja tu. Kitie kwenye flashi, kipeleke kwenye TV ileile kitakapotazamwa, ikiwa imewekwa kutovuta picha, na utafute mwezi. Ukiwa yai, bado una vipindi 290 ambavyo hujaviharibu.